Oili nyingi hailindi msumeno wa zamani

Miongoni mwa wanaotunza misumeno ya mnyororo ya zamani huku Mtwara na Lindi, iwe ya kupogolea mikorosho Newala au ya kuangushia miti Liwale, wengi huamini kwamba kadiri oili inavyozidi kwenye petroli ndivyo injini kongwe inavyodumu. Imani hiyo ina asili yake, kwani misumeno mingi ya miaka ya 1950 na 1960 iliagizwa itumie sehemu 1 ya oili kwa 16 za petroli, na oili za wakati ule zilihitaji wingi huo.

Oili za sasa za injini za mipigo miwili, yaani zile zinazolainishwa na oili iliyochanganywa na petroli kama za misumeno hii, hulainisha vizuri kwa kiasi kidogo. Mashine nyingi za leo hutumia 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa lita, na mafundi wengi wa misumeno mikongwe hutumia 1 kwa 32. Oili ikizidi, hugeuka masizi magumu yanayoganda juu ya pistoni na kuziba tundu la ekzosi. Isitoshe, kwa kuwa imechukua nafasi ya petroli ipitayo kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, petroli hupungua ikilinganishwa na hewa na injini hupata joto zaidi, jambo ambalo mwenye msumeno alikuwa akilikimbia.

Baada ya kazi, injini ikishapoa, fungua plagi inayotoa cheche uitazame. Kahawia hafifu ni dalili njema; weusi uliolowa mafuta huashiria oili nyingi, ingawa chujio la hewa lililojaa vumbi nalo huleta weusi, hivyo lisafishwe kwanza. Oili ipimwe kwa bomba la sindano, si kwa kizibo cha chupa.