Kabaka Mutesa alifukuzwa mara moja, sio mbili

Watu wengi wanasema Obote, kiongozi wa Uganda, ndo alimfukuza Kabaka (mfalme wa Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda) Mutesa II akampeleka Uingereza, hapana jamani, mnachanganya mambo mawili. Aliyemfukuza ni gavana wa Kiingereza wa Uganda, Andrew Cohen, Novemba 1953, akapandishwa ndege hadi London, Buganda ikawekewa hali ya hatari, na Lukiiko, yaani bunge la ufalme, likagoma kuchagua Kabaka mwingine mpaka mwenyewe akarudi Oktoba 1955. Ya 1966 ni ishu nyingine kabisa, Lukiiko liliiambia serikali ya Obote itoke kwenye ardhi ya Buganda kabla ya Mei 30, basi tarehe 24 jeshi la serikali chini ya Idi Amin likavamia kasri la Mengo, Kabaka akaruka ukuta mvua ikinyesha, akadaka teksi, akatorokea Burundi. Hapo alikimbia, hakufukuzwa. Lukiiko nalo likazikwa na katiba ya 1967 iliyofuta falme zote.