Je, wajua? Ajax aliuawa na zawadi ya adui yake

Shabiki wa soka hahitaji kuelezwa jina Ajax: klabu ya Amsterdam, iliyoanzishwa mwaka 1900, jezi nyeupe yenye ufito mpana mwekundu kifuani. Lakini yule mwenye kofia ya chuma kwenye nembo ni nani? Ni shujaa wa hadithi za kale za Wagiriki, ambaye Hector, simba wa Troy, mji uliokuwa vitani na Wagiriki, alipigana naye mpaka giza likaingia asiweze kumwangusha. Kilichomuua ni upanga. Upanga huo alipewa na Hector huyo huyo, kwa mkono wa heri.

Ilikuwaje?

Ajax, mwana wa Telamon, alitoka kisiwa cha Salamis akaenda vitani na merikebu 12. Kati ya Wagiriki, aliyempita kwa nguvu ni Achilles peke yake. Ukitaka kumtambua katikati ya vumbi la vita, tafuta ngao: ngozi saba za ng'ombe dume zimepandanishwa, juu yake shaba, ngao kubwa kama mnara. Siku Hector alipotaka mtu wa kupambana naye ana kwa ana, Wagiriki tisa walijitokeza. Wakatia kura zao ndani ya kofia ya Agamemnon, mkuu wa jeshi lao, ikaruka ya Ajax. Mkuki wa Hector ukapasua shaba, ukapita ngozi sita, ukakwama kwenye ya saba. Wakarushiana mawe. Usiku ulipoingia wapiga mbiu wakawaamua, nao wakaagana kiungwana: Hector akatoa upanga wenye vifundo vya fedha, Ajax akatoa mshipi wa zambarau.

Miaka ya vita ikaenda, Achilles akauawa. Ajax akaibeba maiti yake kuitoa kwenye mapigano, huku Odysseus, Mgiriki mwenzake, akiwazuia maadui kwa nyuma. Sasa nani arithi silaha za marehemu, zilizofuliwa na Hephaestus, mhunzi wa miungu? Kila mmoja wao alizitaka.

Hukumu hiyo husimuliwa kwa namna nyingi. Mimi napenda ile ya wapelelezi waliotumwa chini ya ukuta wa Troy kusikiliza wenyeji wanasemaje. Wakamsikia msichana akimsifu Ajax kwa kubeba maiti. Mwenzake akamkata kauli: hata mwanamke hubeba mzigo akitwishwa, ila kupigana hawezi. Kwa maneno hayo ya ukutani, silaha zikaenda kwa Odysseus, fundi wa maneno.

Inasemekana yule msichana wa pili alitiwa maneno kinywani na Athena, mungu wa kike aliyempenda Odysseus. Na Athena alikuwa na lake moyoni. Ajax alipoaga nyumbani, baba yake alimuusia atafute ushindi pamoja na msaada wa miungu. Akajibu kwamba kwa msaada wa miungu hata asiye kitu hushinda. Baadaye Athena mwenyewe alipomjia vitani kumtia moyo, Ajax alimwambia akasimame na wengine.

Usiku baada ya hukumu ile Ajax alitoka hemani kwenda kuwaua Odysseus, Agamemnon na Menelaus, ndugu wa Agamemnon. Athena akamvuruga akili. Akaingia kwenye mifugo ya jeshi akachinja ng'ombe na kondoo akidhani anaua majemadari, akamfunga dume la kondoo kwenye nguzo na kumcharaza viboko, akimwita Odysseus. Kisha akili zikamrudia, amekaa katikati ya mizoga.

Watu husema alijiua kwa wazimu. Mimi nasema hapana, alijiua alipopona. Kukosa silaha angeweza kukuvumilia kwa kinyongo tu. Kuchekwa na kambi nzima kwa kupigana na kondoo, asingeweza. Alimpa mwanawe mdogo Eurysaces ile ngao, akaenda peke yake ufukweni.

Mchoraji Exekias alimchora saa hiyo kwenye mtungi, yapata mwaka 530 kabla ya Kristo. Ngao na kofia zimewekwa kando. Ajax amechutama, anashindilia udongo kwa viganja ili upanga wa Hector usimame wima auangukie, kwa uangalifu wa mtu anayepanda mche. Katika tamthilia ya Sophocles anasema kwamba tangu aupokee upanga ule hakupata jema lolote kwa Wagiriki wenzake. Mshipi nao ulikuwa umeshafanya kazi yake: humo humo tunaambiwa kuwa Hector alifungwa kwa mshipi huo kwenye gari la Achilles, akaburutwa.

Agamemnon na Menelaus walikataa asizikwe. Aliyemtetea mpaka akazikwa ni Odysseus, lakini hata kwa hilo Ajax hakumsamehe. Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, anasimulia kwamba Odysseus aliposhuka kuzimu alimwita kwa maneno laini, akimsihi asahau zile silaha. Ajax hakujibu neno, akageuka, akapotelea gizani.