Korosho, bibo na neno "nut"

Huku Mtwara, kuanzia Newala hadi Tandahimba, wengi tumekua tukiambiwa kwamba bibo ndilo tunda la mkorosho, na korosho ni mbegu iliyotokeza nje. Sivyo. Bibo ni kikonyo kilichovimba kikajaa maji matamu. Tunda lenyewe ni ile korosho ghafi yenye ganda, tena ndiyo hutangulia kukua, bibo hufuata. Tunachobangua na kula ni mbegu iliyomo ndani yake.

Neno "nut" la Kiingereza limeongeza mkanganyiko. Jikoni, Waingereza huiita hivyo karibu kila punje ya mafuta yenye ganda: korosho, lozi, hata karanga, "peanut" au "groundnut", ilhali karanga ni jamaa ya kunde. Kwa mtaalamu wa mimea, "nut" ni tunda kavu, gumu, lisilopasuka lenyewe. Korosho, jamaa ya embe, kwa kawaida huwekwa kundi jingine.

Ila anayedhurika na korosho asijitulize kwa maana hiyo ya kitaalamu. Onyo la "nuts" kwenye pakiti hufuata maana ya jikoni, na korosho imo. Ila karanga, ingawa jikoni nayo ni "nut", huandikwa peke yake.