Kenilworth: ngome iliyopokonywa maji yake

Wengi wanaofika Kenilworth, kaunti ya Warwickshire katikati ya Uingereza, hukata tiketi, wakaupiga picha ule mnara mwekundu, wakanywa chai, basi. Mimi kazi yangu ni majengo ya kale ya mawe, na nikiwa na wageni pale huwasimamisha kabla hatujafika langoni. Ile njia pana unayoipita ukitoka kwenye maegesho ya magari, iliyoinuka kuliko ardhi ya pande zote mbili, ni tuta la bwawa. Baadaye walilitumia pia kwa mashindano ya wapanda farasi wenye mikuki, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia maji. Usipolijua hilo, ndani utaona kuta nzuri zilizovunjika na hutajua zilikuwa zinategemea nini.

Tazama magharibi. Kote kule kwenye nyasi palikuwa na ziwa la ekari zipatazo 100, lililotengenezwa na watu kwa kuvifungia njia vijito ambavyo leo huwezi kuvipa heshima yoyote.

Aliyeanzisha ngome ni Geoffrey de Clinton, mtumishi wa hazina wa Mfalme Henry I, miaka ya 1120. Aliyemwaga fedha kwenye kuta za nje na maji ni Mfalme John, kati ya 1210 na 1215: zaidi ya pauni 1,100, na kwa wakati ule hiyo ni mali ya kutisha. John alijua vizuri jinsi ukuta wa mawe unavyoangushwa. Mwaka huohuo wa 1215, alipouzingira mnara wa Rochester, watu wake walichimba chini ya msingi wa pembe moja wakaishikiza kwa magogo. Mfalme akaagiza kwa barua aletewe nguruwe 40 walionona. Mafuta yao yakawasha magogo, magogo yakaungua, pembe ikaporomoka. (Ukienda Rochester leo utaitambua mara moja: pembe tatu za mnara ni mraba, ya nne iliyojengwa upya ni ya mviringo.) Sasa mchimbaji wa namna hiyo utamzuiaje? Kwa maji. Akichimba, shimo linamfurika. Mitambo ya kurusha mawe nayo inabidi ikae mbali.

Ubora wa kazi hiyo ulionekana mwaka 1266, John akiwa ameshakufa miaka 50. Simon de Montfort, aliyemwasi Henry III, alikuwa ameuawa vitani Evesham mwaka uliotangulia, na wafuasi wake wakajifungia Kenilworth. Mjumbe aliyetumwa na mfalme walimrudisha amekatwa mkono. Juni jeshi likaja. Mashua zikaletwa kutoka Chester ili washambulie kwa upande wa ziwa, wapi! Mwakilishi wa Papa alipowatenga waasi na Kanisa, masimulizi ya wakati ule yanasema walimvika mganga wao joho jeupe, akapanda ukutani akamtenga mwakilishi huyo, na mfalme, na kila aliyefuatana nao. Kati ya visa vyote vya ngome za Uingereza, hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Walishikilia hadi Desemba, ndipo njaa na maradhi vikawatoa. Ngome haikutekwa kwa nguvu.

Ukiingia ndani, nenda moja kwa moja kwenye mnara mkuu, upande wa kaskazini, ambako ukuta haupo. Watu hudhani ni uzee. Hapana: ni amri ya Bunge, mwaka 1649, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ili ngome isije ikatumika tena. Walibomoa upande huo na kulikausha ziwa. Kwangu mimi, kukausha ndiko kulikoiua. Lakini ule ubomoaji umetuachia darasa la bure. Tazama ukuta ulipokatika: nje na ndani ni mawe yaliyochongwa vizuri, katikati ni kifusi kilichoshindiliwa kwa chokaa. Wajenzi wa Gedi, mji wa kale wa pwani ya Kenya, wangeielewa kazi hiyo bila kuelezwa, ingawa chokaa yao ilichomwa kutokana na matumbawe.

Ukumbi wa John wa Gaunt, mwana wa Mfalme Edward III, wa miaka ya 1370, una madirisha marefu ya kupendeza. Upe dakika zako. Kisha uendelee kwa Robert Dudley, kipenzi cha malkia, aliyepewa ngome na Malkia Elizabeth I mwaka 1563. Malkia alipomtembelea mwaka 1575 alikaa siku 19, na maji yaliyojengwa kwa vita yakageuka jukwaa. Usiku alipowasili, mwanamke aliyejiita Bibi wa Ziwa alimjia akielea kwenye kisiwa cha kutengenezwa chenye mienge. Siku nyingine akaja pomboo mkubwa wa bandia, wapiga muziki wamo tumboni.

Bustani ya siku zile tunaijua kwa barua ya Robert Langham, aliyeingizwa na mtunza bustani malkia akiwa mawindoni. Iliyopo sasa ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Wapo wanaoibeza kwamba ni mpya mno, marumaru ya chemchemi yake ni nyeupe kupita kiasi. Sikubaliani nao. Wachimbaji walikuta msingi wa chemchemi ukiwa na pande nane, sawasawa na barua ilivyosema, na malkia naye aliiona ikiwa mpya.

Kabla ya kuondoka, panda ngazi za jengo la Dudley, utazame tena magharibi kutoka juu. Halafu, miguu ikiruhusu, vaa mabuti na ufuate njia ya umma inayokatiza sakafu ya ziwa. Mwisho wake utakuta mitaro miwili, mmoja ndani ya mwingine. Hapo Henry V alijenga nyumba ya starehe, ya kufikiwa kwa mashua kutoka ngomeni. Mvua ikinyesha sana, matope ya hapo yatakufika kwenye vifundo.