Ausbildung: namna Wajerumani wanavyofunza kazi

Ausbildung ni mafunzo ya kazi ambayo mwanagenzi husoma mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwa kawaida siku tatu au nne za juma yuko kazini, iwe karakana, benki, hoteli au kiwanda. Siku zilizobaki yuko chuo cha ufundi akisoma nadharia. Mafunzo huchukua miaka 2 hadi 3 na nusu, na fani zinazotambuliwa ni zaidi ya 300, kuanzia uokaji mikate hadi umekatroniki, yaani ufundi wa mitambo inayoendeshwa kwa umeme na kompyuta.

Mlango wa kuingilia ni mwajiri, si chuo. Kijana huomba nafasi kwenye kampuni, wanatia saini mkataba, na kampuni humlipa posho kila mwezi. Tangu 2020 sheria imeweka kima cha chini: aliyeanza 2025 hapati chini ya euro 682 kwa mwezi mwaka wa kwanza, isipokuwa mkataba wa chama cha wafanyakazi umepanga vingine.

Ninachokiona kuwa uti wa mgongo wa mfumo huu ni mtihani. Bosi hamtahini mwanagenzi wake. Katika fani nyingi kazi hiyo ni ya chemba ya biashara au ya mafundi, kupitia kamati yenye wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi kwa idadi sawa, pamoja na mwalimu wa chuo. Tena katika fani hizo mtaala wa mafunzo ya kazini ni mmoja nchi nzima, kwa mujibu wa sheria. Kampuni haiwezi kumfundisha kijana mashine yake moja tu na kumwachia hapo, na cheti cha Stuttgart kinaaminika Hamburg.

Anayetaka kupanda zaidi husomea umeister, yaani daraja la fundi mkuu, linaloheshimiwa sana. Katika fani nyingi za ufundi wa mikono, hata ususi na unyoaji, kwa kawaida huwezi kufungua biashara yako bila cheti cha meister.

Siku hizi vijana wengi wa huko wanapendelea chuo kikuu na waajiri wanakosa wanagenzi, na hospitali na nyumba za wazee zina upungufu wa wauguzi. Ndiyo sababu Ausbildung inazungumzwa sana Nairobi, hasa tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira Septemba 2024. Kwa uuguzi, waajiri wengi hudai Kijerumani cha B2, yaani kiwango cha kati cha juu. Mkataba unatangulia viza, nao lazima utaje fani, muda, posho na likizo. Wakala asiyeweza kukuonyesha mkataba huo usimpe hela yako.