Mgeni Kapewa Jembe, Mkeka Bado: dhana potofu kuhusu maigizo na wanawake wahamiaji Unguja

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanamke anayeshuka boti pale Malindi akitokea Tanga, Tabora au Mwanza, kuja kufanya kazi za ndani Kisauni au kutandika vitanda hotelini Paje, hiyo siku ya tatu haijui. Jembe anakabidhiwa siku ile ile. Anachokisubiri, pengine kwa miaka, ni mkeka: pahala pa kukaa na wenyeji akasikilizwa kwa jina lake, si kama mtumishi wa kwa fulani.

Warsha za maigizo ni njia mojawapo ya kuutandika mkeka huo. Katika nchi nyingine zimetumika kwa wakimbizi na wahamiaji, na hapa kwetu zina mizizi mirefu kuliko tunavyodhani. Lakini jambo hili likitajwa barazani, hujibiwa kwa maneno yale yale. Nitayachukua moja moja, mengine kwa haraka.

"Hao si wahamiaji. Ni Watanzania wenzetu."

Kwa pasipoti, kweli. Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam haichukui zaidi ya saa mbili hivi. Lakini Zanzibar ina Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985, ina kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na ina sheha ambaye anayehamia shehiani hutakiwa kujitambulisha kwake. Mwanamke wa Dodoma anaweza kuwa raia kamili wa Jamhuri na bado akakosa karatasi inayoombwa kwenye dirisha alilosimama. Ongeza na lile jina la kebehi kwa watu wa bara, machogo, ambalo wapo wanaolitamka kwa mzaha. Anayeitwa hivyo mara nyingi hacheki.

Hata Kiswahili, ambacho tunasema kinatuunganisha, kinamchongea. Sisi tuna tungule, yeye ana nyanya. Sisi mbatata, yeye viazi. Watoto wetu wanakwenda skuli, wake wanakwenda shule. Akiomba nyanya sokoni Mwanakwerekwe ataeleweka bila shaka, ila papo hapo atatambulikana, na bei inaweza kutambua pia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, karibu nusu yao Mjini Magharibi. Katika mitaa iliyojaa namna hiyo mtu huishi ukuta kwa ukuta na jirani asiyemjua jina.

"Mwanamke kuigiza mbele za watu ni uhuni."

Mbele za watu gani? Hapo ndipo panapochanganywa mambo. Anayesikia "maigizo" hufikiria jukwaa la Ngome Kongwe, taa, watalii na kamera. Warsha inafanana zaidi na uani kuliko jukwaa. Wanawake peke yao, mlango umefungwa, simu zimewekwa kikapuni, na mara nyingi hakuna mtazamaji hata mmoja, kwa kuwa kila aliyemo anacheza. Maabara za Madalena, warsha za maigizo zilizoanzishwa mwaka 2010 na Bárbara Santos wa Brazil na wenziwe, zilishika njia hiyo hiyo ya wanawake peke yao, na huko hakuna aliyesukumwa na mila za pwani. Waliona tu kwamba akikaa mwanamme chumbani, maneno hubadilika.

Na mwanamke wa Unguja ameanza lini kuona haya kucheza? Ngoma ya lelemama ilikuwa na vyama vyake, sare zake na ushindani wake. Vikundi vya taarab vya wanawake vilirushiana mafumbo mpaka ikabidi watu wachague upande. Msutano ni mchezo kamili: kuna waigizaji, kuna hadhira, kuna mkasa, na kuna anayeondoka ameinamisha kichwa. Ndani ya unyago, makungwi humwonyesha mwari shughuli nzima ya unyumba kwa vitendo, na bibi ambaye nje hanyanyui uso utamkuta humo anaigiza mume mlevi hadi watu washike mbavu.

Kinachostahili kuogopwa ni picha. Wenye miradi hupenda sana picha ya mwanamke amepanua mikono, macho yamejaa machozi, iende kwenye ripoti. Mwaka 2013 huko Amman, Jordan, wanawake wakimbizi wa Syria walicheza tamthilia ya Euripides juu ya wanawake wa Troya waliopoteza mji wao, wakichanganya na habari zao wenyewe. Wamo waliokataa uso wao kuonekana kwenye kamera, na mchezo haukupungua kitu. Anayekuja na nikabu yake aigize nayo. Anayetaka jina lake lisiandikwe, lisiandikwe.

"Haya ni mambo ya wazungu na wafadhili wao."

Mtu anayetajwa zaidi katika kazi hii, Augusto Boal, alikuwa Mbrazili, aliyezaliwa Rio de Janeiro mwaka 1931. Serikali ya kijeshi ya nchi yake ilimkamata mwaka 1971, akaenda uhamishoni, na mwaka 1973 akawa Peru katika mpango wa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika. Yaani mbinu hizi zimekomazwa na mhamiaji, wala hazikutoka kwenye ofisi ya mfadhili. Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu walijenga jukwaa lao wenyewe na kucheza kwa Kikikuyu hadi serikali ikaupiga mchezo huo marufuku. Tanzania Bara, miaka ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando, walikaa vijijini Malya, Msoga na Mkambalani wakitengeneza michezo pamoja na wanakijiji kuhusu mashaka yao wenyewe. Mwaka 1996 ukaja mradi wa Tuseme, wasichana wa sekondari wakiigiza yanayowakwaza masomoni.

Lakini kwa nini twende mbali? Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, kwa wazazi waliotokana na utumwa, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Kati ya nyimbo zake maarufu umo wa Kijiti, unaosimulia mwanamke mgeni aliyefika Unguja kutembea, akachukuliwa na mwanamme na kurejeshwa maiti, huku muuaji akitoroka na waliosumbuliwa mahakamani wakiwa wanawake waliokuwa naye. Watu wa mitaa ya Ng'ambo walikaa, wakasikiliza, kisha wakajadiliana kesi ile upya kwa namna ambayo korti haikuijadili. Kama hiyo si sanaa ya kumtetea mwanamke mgeni, sijui tuiite nini.

Na unyago wenyewe, ambao leo tunauita wetu na kuukinga kwa wivu? Uliletwa na wanawake wa kusini mwa bara, Wanyasa, Wayao, Wamakua, wengi wao wakiwa wamevushwa bahari kwa nguvu enzi za utumwa. Mabinti wa mabwana zao wakaja kukaa mkeka mmoja nao na kuitana somo. Wakati ule mgeni ndiye aliyekuwa kungwi.

"Hawajui kusoma, watashikaje michezo?"

Hakuna cha kusoma. Kazi huanza na michezo ya mwili: kutembea, kusimama ghafla, kumfinyanga mwenzio kama udongo awe sanamu ya "siku yangu ya kwanza kazini". Mwanamke asiyejua alifu wala be hufinyanga sanamu ambayo mwenye digrii atakaa kuitazama kimya.

"Atasimulia yaliyomkuta, atalia, atapona."

Hii ni hatari zaidi kuliko ile ya uhuni, kwa sababu inatoka kwa wenye nia njema. Maigizo si tiba, na mwendesha warsha si daktari wa akili. Mtu aliyepigwa, au aliyebakwa na ndugu wa tajiri yake, akishurutishwa kuyarudia mbele ya wanawake kumi na tano anaweza kutoka pale ameumia mara mbili, na kesho yake mtaa mzima unajua. Ndiyo maana mwendeshaji mzoefu hasemi "tuambie yaliyokupata." Husema "tutunge habari ya mwanamke fulani, tumpe jina, ametoka mahali fulani." Mkasa ukivaa jina la mtu asiyekuwepo, kila mmoja huweka humo kipande chake na hakuna anayejua kipi ni cha nani. Sisi watu wa mafumbo tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Likijitokeza jambo la kweli la ukatili, mchezo unasimama pale pale. Njia yake ni kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kilichopo Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana mahali pamoja. Namba na nauli ya kufika huko viwe mfukoni mwa mwendeshaji kabla warsha haijaanza.

"Wasiokuja hawataki."

Muulize ana siku gani. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa majumbani, namba 189 wa mwaka 2011, unataja mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Nyumba ngapi za hapa mjini zinampa mtumishi hata alasiri moja? Wa hotelini naye yuko kwa zamu, na zamu hubadilishwa usiku. Mwenye mtoto hana wa kumwachia. Jumapili jioni, nauli ya daladala mkononi, bibi mmoja wa kushika watoto chumba cha pili: hapo ukumbi unajaa. Ramadhani, kazi ipishwe.

"Mgeni ndiye wa kufundishwa."

Hii ndiyo kubwa. Warsha nyingi hupangwa hivi: tuwakusanye wanawake wa bara, tuwafundishe kujiamini, kuamkia, kuvaa, kusema. Yaani kasoro wanayo wao. Mwenyeji yuko nje ya mlango, anasubiri arejeshewe mgeni aliyenyooshwa.

Turudi Peru. Boal alikuwa na kawaida ya kusimamisha mchezo penye mzozo, akawauliza watazamaji mhusika afanyeje, kisha waigizaji wakalifanya hilo. Alisimulia kwamba siku moja ulichezwa mkasa wa mke aliyedanganywa na mumewe, na mwanamke mmoja katika hadhira akataka mume aelezwe wazi wazi. Waigizaji wakajaribu. Sivyo, akasema. Wakajaribu tena. Sivyo. Mwishowe akaambiwa apande mwenyewe. Akapanda, akashika ufagio, na aliyeigiza mume akajua kuelezwa wazi wazi ni nini. Tangu hapo mtazamaji akaruhusiwa kuingia mchezoni.

Sasa uchukue mchezo wa dakika tano. Duka la mtaani. Mtumishi wa nyumba, mtu wa Tabora, ametumwa viazi na nyanya. Mwenye duka anacheka, "nyanya gani?", anamruka na kumhudumia aliyekuja nyuma yake. Anajaribu tena, anarukwa tena. Nyumbani anagombezwa kwa kuchelewa. Basi, umekwisha. Unarudiwa, na anayeona njia husema "simama" na kukaa mahali pa mtumishi. Wa kwanza anaanza kwa salamu ndefu. Wa pili anasema tungule na mbatata, lakini lafudhi inamsaliti. Wa tatu anapandisha sauti, anaitwa mkorofi. Wa nne anataka kwenda duka jingine, kisha anakumbuka daftari la mkopo la tajiri yake liko hapa hapa.

Kanuni inakataza kumbadilisha mwenye duka awe mwema ghafla, maana huo utakuwa muujiza, na kesho dukani hakuna muujiza. Ila dukani mna mtu mwingine ambaye kila mtu amemsahau: yule mteja wa pili, aliyehudumiwa kabla ya zamu yake na kunyamaza. Nafasi yake hawezi kuijaza mgeni. Ni ya mwenyeji.

Kwa hiyo mikutano ya mwanzo iwe ya wahamiaji peke yao, watunge mchezo wao bila ya kuona haya. Ukishaiva, waalikwe jirani, mama mwenye nyumba ya kupanga, tajiri wa kike, msaidizi wa sheha. Huyu wa mwisho asikae mbele kama mgeni rasmi. Boal alipokuwa diwani wa Rio, kuanzia 1993 hadi 1996, mapendekezo yaliyozaliwa kwenye michezo ya namna hii yalipelekwa barazani, na sheria 13 zikapita. Shehia haitungi sheria, lakini inaweza kubandika ukutani ni karatasi zipi khasa mgeni anatakiwa kuwa nazo, ili asizungushwe.

Mwenyeji anayeingia kwenye nafasi ya mteja wa pili mara ya kwanza hutoa hotuba. Binaadamu wote sawa, dini inatufundisha, na kadhalika. Mwenye duka anaitikia "kweli kabisa, bibi," na anaendelea kumpimia yeye. Watu wanacheka, naye anacheka. Anaomba kurudia. Mara hii anakivuta kikapu chake kutoka mezani, anasogea pembeni, na anasema maneno manne tu: "Mpimie huyu kwanza, kanitangulia."