Msaada wa nje haubadilishwi na mabango peke yake

Katika mafunzo ninayoendesha kwa watumishi wa asasi za kiraia, hakosekani mshiriki wa kushikilia kwamba serikali tajiri hubadili sera yake ya misaada pale tu umma unapofurika barabarani, na mfano wake ni ule ule: Edinburgh, Uskoti, Julai 2005, walipoandamana watu wapatao 225,000 waliovaa meupe kuzitaka nchi tajiri zipambane na umaskini duniani. Siyabezi maandamano hayo, lakini dhana hii imenichosha, kwa sababu inawafanya watu wachapishe fulana kabla ya kusoma sheria.

Ukweli unaonekana vizuri zaidi katika shauri la bwawa la umeme la Pergau, nchini Malaysia. Serikali ya Uingereza iliidhinisha pauni milioni 234 kwa ajili ya mradi huo, ilhali Tim Lankester, mtendaji mkuu wa idara yake ya misaada, alikwisha kuupinga kwa maandishi, akieleza kwamba fedha hizo zingepotea bure. Shirika dogo la World Development Movement halikungoja umati. Lilikwenda mahakamani likiwa na sheria ya mwaka 1980, iliyoruhusu msaada utolewe kwa ajili ya maendeleo. Novemba 1994 Mahakama Kuu ilitamka kwamba waziri alivunja sheria, kwani mradi usio na msingi wa kiuchumi hauwezi kuhesabiwa kuwa maendeleo. Majaji walikubali pia kwamba shirika hilo lilikuwa na haki ya kushtaki, ingawa lenyewe halikudhurika. Waraka mmoja wa ofisini na kifungu kimoja cha sheria vilitosha. Mwaka 2002 sheria mpya ikaweka wazi kwamba msaada lazima ulenge kupunguza umaskini.

Wengine hudai kwamba shirika linalopokea fedha za serikali limekwisha kufungwa mdomo. Si kweli: mashirika kadhaa ya namna hiyo yalipinga hadharani punguzo la misaada lililotangazwa Uingereza mwaka 2020.

Wapo pia wanaodhani kwamba sheria ikishapita, kazi imekwisha. Baada ya miaka mingi ya ushawishi wa mashirika, sheria ya mwaka 2015 iliitaka Uingereza itoe asilimia 0.7 ya pato lake la taifa. Julai 2021 wabunge 333 dhidi ya 298 waliafiki kubaki kwenye asilimia 0.5, kiwango kilicholetwa na punguzo lile la mwaka 2020. Sheria yenyewe ilimtaka waziri atoe maelezo tu bungeni lengo lisipofikiwa, na ndiyo maana huwaambia washiriki wangu waanze kusoma na kifungu hicho.